Lugha mbili kazini, ukimya nyumbani

Saa tatu asubuhi ya Jumapili mjini Moncton, mashariki mwa Kanada, ni saa kumi jioni katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma. Wakati wa majira ya baridi, tofauti ni saa saba. Huo ndio muda ambao mama mmoja wa watoto watatu humpigia simu mama yake mzazi kila wiki.

Jumapili moja ya Januari, bibi aliomba kuongea na mjukuu wake mkubwa, mvulana wa miaka tisa. Mara ya mwisho alimwona ana miaka mitatu, siku familia ilipopanda basi kambini kuanza safari ya Kanada. Wakati huo mtoto alikuwa hafungi mdomo. Alisalimia kila apitaye, akauliza kila kitu, na yote kwa Kiswahili.

"Mjukuu wangu, hujambo? Umekula nini leo?"

Mvulana aliitazama simu, akamtazama mama yake, akauliza kwa Kiingereza bibi anasema nini. Mama akatafsiri. Mtoto akajibu kwa Kiingereza. Mama akaligeuza jibu kuwa Kiswahili, akalipeleka Nyarugusu. Swali la pili likaenda hivyo hivyo, na la tatu pia. Kisha upande wa pili wa simu ukawa kimya.

"Mama," bibi alimwambia bintiye, maana huko kwao Kongo mzazi humwita binti yake "mama" kwa mapenzi, "huyu mtoto anaongea na mimi, au anaongea na wewe?"

Binti hakuwa na jibu la haraka, ingawa majibu ya haraka ndiyo kazi yake. Siku tano kwa wiki hukaa katika kituo cha huduma kwa wateja kwa simu, akihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza na kurudi, mara nyingi kwa saa, bila kukwama. Mwajiri wake anatafuta watu kama yeye kila mwezi na hawapati wa kutosha. Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakuwa anamlea hata mmoja.

Mji ulioanza kuishi kwa simu

Moncton uko katika New Brunswick, jimbo pekee la Kanada ambalo Kifaransa na Kiingereza zote ni lugha rasmi za jimbo. Sheria yake ya kwanza ya lugha rasmi ilipitishwa mwaka 1969. Karibu theluthi moja ya wakazi walizaliwa katika Kifaransa. Wengi wao ni Waakadia, uzao wa Wafaransa waliofika pwani hiyo karne ya 17. Mwaka 2002, Moncton wenyewe ulijitangaza kuwa mji wa lugha mbili.

Kwa miaka mingi mji huo uliishi kwa reli. Karakana kubwa ya treni ilipofungwa mwaka 1988, watu walihitaji kazi nyingine. Frank McKenna, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo kuanzia 1987 hadi 1997, akaanza kuyashawishi makampuni yalete vituo vyao vya simu. Alikuwa na bidhaa mbili za kunadi: mitambo mizuri ya simu, na wafanyakazi wanaoweza kumjibu mteja wa Montreal kwa Kifaransa na wa Toronto kwa Kiingereza. Makampuni ya kusafirisha vifurushi, ya hoteli na ya bima yakaitikia wito.

Anayepiga simu kwa kampuni kubwa Kanada husikia kwanza sauti iliyorekodiwa: bonyeza moja kwa Kiingereza, bonyeza mbili kwa Kifaransa. Mteja huona ni vitufe viwili tu. Kwa ofisa ajira, nyuma ya kila kitufe lazima awepo mtu, mchana na usiku, sikukuu na siku ya dhoruba ya theluji. Akimpata mtu mmoja anayeweza kukaa nyuma ya vitufe vyote viwili, amepata dhahabu.

Dhahabu hiyo ni chache. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa Wakanada wanaoweza kuzungumza lugha zote mbili ni asilimia 18. Quebec ni karibu nusu ya watu, New Brunswick ni kama theluthi moja, lakini ukiiondoa Quebec, sehemu nyingine yote ya nchi haifiki asilimia 10.

Hao wachache wanagombewa. Hospitali zinawataka, shule zinawataka, mahakama na benki vilevile. Serikali kuu inawataka zaidi, kwa sababu sheria inailazimu kutoa huduma kwa lugha zote mbili. Kwa nafasi zinazodai lugha mbili, mtumishi hulipwa nyongeza ya dola 800 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa 1977. Nyongeza yenyewe si ya kumtajirisha mtu, lakini kazi ya serikali ina pensheni na likizo, na hakuna anayehesabu sekunde ulizotumia kwa kila mteja.

Kituo cha simu kina zamu za usiku na za wikiendi, wateja wenye hasira, na kompyuta inayohesabu kila kitu. Kijana mwenye lugha mbili huingia, hujifunza kazi, hukaa miezi michache, kisha huonekana serikalini au benki. Ofisa ajira anaanza upya.

Wasifu unakubali, simu inakataa

Tatizo jingine la ofisa ajira ni kwamba neno "lugha mbili" ni rahisi kuandika kwenye wasifu. Ukweli hujulikana simu inapoita.

Wapo waliosoma Kifaransa shuleni miaka 10, wakafaulu mitihani, wanasoma gazeti bila shida. Wakivaa hedfoni wanakosa pa kushika. Kwenye simu hakuna uso wa kusoma, hakuna mikono ya kusaidia, na mteja hasubiri mtu atafute neno.

Wapo waliozaliwa katika lugha zote mbili, lakini wamezoea kuzipika chungu kimoja. Vijana wa Moncton wana mseto wao uitwao Chiac, ambao huchukua kitenzi cha Kiingereza na kukivisha mwisho wa Kifaransa. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaielewa hali hiyo, kwa sababu amewahi kumwambia mtu "nitakucheki baada ya miting". Chiac ni lugha ya nyumbani na ya utani, na wenyewe wanaipenda. Shida inakuja pale mteja wa mbali, mzee asiyeijua, anapotaka kuelezwa bili yake.

Kisha wapo wageni kutoka Kongo, Kamerun, Ivory Coast na Haiti. Kifaransa chao kimesimama imara na Kiingereza bado kinajengwa. Mama huyu alikuwa katika kundi hilo.

Alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa na miaka sita, ameshika kanga ya mama yake, wakikimbia vita mashariki mwa Kongo. Ndiyo kwanza kambi ya Nyarugusu ilikuwa inafunguliwa. Alikulia humo. Shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa kwao, kwa Kifaransa. Sokoni na kisimani ni Kiswahili. Na mama yake, wakiwa wawili tu, ni Kibembe. Kiingereza alikikuta Moncton, katika darasa la wahamiaji linalolipiwa na serikali, akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Siku ya usaili wa kwanza alijua lugha nne. Alikosa kazi ya lugha mbili.

Kilichomwangusha ni namba. Mtahini alimsomea namba za kadi ya bima kwa Kifaransa. Wakongo, kwa kurithi kutoka kwa Wabelgiji, husema 72 kwa neno linaloanza na sabini, "septante-deux". Wakanada husema kama Wafaransa, "soixante-douze", yaani sitini na kumi na mbili. Yeye akisikia sitini anaandika sita, kumbe inayokuja ni sabini na mbili. Ikabidi afute na kurudia. Yeye naye akisema "nonante", tisini ya kwao, mtahini anamwomba arudie.

Upande wa Kiingereza akanaswa na mtego unaowanasa wengi: fifteen na fifty. Aliambiwa 15, akaandika 50. Katika simu ya bima ya dawa, kosa hilo si la tahajia.

Baada ya siku mbili alipata barua pepe ya shukrani na pole. Wiki hiyo hiyo, tangazo la kampuni ile la kutafuta wenye lugha mbili "haraka" lilikuwa bado liko kwenye kituo cha basi anapopandia.

Daftari la maneno

Hakulia, au kama alilia hakusema. Alinunua daftari. Kila siku alisikiliza redio ya Kifaransa akiwa anapika, na kuandika maneno ambayo Wakanada huyasema kivyao. Kongo watu husema "parking" na "week-end" ndani ya Kifaransa chao bila kujali. Huku kuna neno la Kifaransa kwa kila kimoja, "stationnement" na "fin de semaine", na mteja wa Quebec hulitarajia.

Siku ya kwanza alipomshukuru muuza duka na kujibiwa "bienvenue", alidhani anakaribishwa mjini, akashukuru tena kwa furaha. Miezi baadaye ndipo alipojua kwamba kwao hilo ni jibu la asante tu.

Lakini yapo aliyokuja nayo tayari. Kongo, kama Quebec, "déjeuner" ni chakula cha asubuhi na "dîner" ni cha mchana, wakati Paris huanzia mchana na kuishia usiku. Mteja wa Quebec akiambiwa na daktari anywe dawa wakati wa "dîner", mwanamke wa Nyarugusu anajua ni saa ngapi.

Baada ya miezi minane alijaribu kituo kingine. Mtahini wa huko hakuanza na namba. Alijifanya mama mwenye mtoto mchanga, yuko kaunta ya duka la dawa, kadi ya bima imekataliwa, mtoto analia. Mama wa Nyarugusu alipunguza sauti. Alimuuliza jina, akamuuliza mtoto ana umri gani, ndipo akaomba namba ya kadi. Akairudia tarakimu moja moja, badala ya mbili mbili, ili sabini na tisini zisipate pa kujificha. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe katika daftari lake.

Alipata kazi. Ofisa ajira alimwambia kwamba lafudhi haimsumbui mteja anayeona anasikilizwa.

Hapa kuna somo kwa waajiri, na wengine wameanza kulishika. Anayetafuta mtu wa lugha mbili aliyekamilika, asiye na lafudhi, aliye tayari kufanya zamu ya usiku kwa mshahara wa kuanzia, atatafuta mwaka mzima. Anayemchukua mwenye lugha moja imara na ya pili inayokua, akampa wiki kadhaa za kujifunza namba, majina ya dawa na maneno ya eneo hilo, anampata mtu atakayekaa.

Mgonjwa hurudi kwenye lugha ya mama

Mtu mwenye afya anaweza kununua tiketi ya ndege kwa lugha yoyote. Akiumwa, mambo hubadilika. Maumivu, homa na hofu humrudisha mtu kwenye lugha aliyolelewa nayo. Ndiyo maana New Brunswick ina namba 811, ambapo wauguzi hupokea simu za wananchi usiku na mchana kwa Kiingereza na Kifaransa.

Ndiyo maana pia, mwaka 1997, tume ya serikali ya jimbo la Ontario ilipoamua kuifunga hospitali ya Montfort jijini Ottawa, inayohudumia kwa Kifaransa, maelfu ya watu walijitokeza kupinga, wakiongozwa na Gisèle Lalonde, meya wa zamani wa Vanier. Waliifikisha kesi mahakamani, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya Ontario ikakubaliana nao. Hospitali ipo hadi leo.

Mama huyu aliyajua hayo kazini. Nyumbani aliyajua usiku mmoja, binti yake wa miaka sita alipoamka akishika tumbo. Alipiga 811, akachagua Kifaransa. Muuguzi akamwomba amuulize mtoto maumivu yakoje: yanachoma, yanabana, au yanakuja na kuondoka? Ana kichefuchefu?

Mama akageuka na kumuuliza binti kwa Kiswahili, kwa sababu hofu ilikuwa imemshika na yeye. Mtoto akamkodolea macho. Hakuwahi kulisikia neno kichefuchefu. Ikabidi mama ahamie Kiingereza, apate jibu, kisha alipeleke kwa muuguzi kwa Kifaransa. Lugha tatu kwa tumbo moja dogo. Ilikuwa shida ndogo, ikapita kwa maji ya chumvi na sukari na kupumzika, kama muuguzi alivyoelekeza. Lakini mama alikaa macho hadi asubuhi, akifikiri kwamba hakuwa na neno la pamoja na mwanawe kwa ajili ya kichefuchefu.

Ulimi uliochoka

Wanaofanya kazi za simu wanajua uchovu ambao hauonekani. Sauti hukauka, na asiyekunywa maji mara kwa mara huishia kukwaruza koo. Masikio hubeba hedfoni saa nane. Akili nayo, kwa mwenye lugha mbili, lazima kila wakati iizuie lugha moja ili nyingine ipite. Anayefanya hivyo siku nzima hurudi nyumbani akitaka kitu kimoja tu, asiongee.

Basi mama huyu alirudi saa mbili usiku, akapasha chakula, watoto wakakaa mbele ya runinga. Runinga iliongea kwa niaba yake, kwa Kiingereza. Mume wake hufanya kazi ya usiku ghalani, wakipishana mlangoni. Kiswahili kilibaki cha kuamrisha: njoo, kaa, vua viatu, lala. Mtoto anayesikia amri tupu hujifunza kutii kwa lugha hiyo. Hajifunzi kusimulia kwayo.

Zaidi ya uchovu, kulikuwa na uamuzi. New Brunswick ina shule za Kiingereza na shule za Kifaransa. Wazazi hawa walichagua ya Kiingereza, kwa imani kwamba Kifaransa kitajiendea chenyewe nyumbani, na Kiswahili kiko damuni. Baadhi ya majirani waliwashauri waache kabisa lugha za nyumbani ili watoto wasichanganyikiwe.

Ushauri huo unasikika hata Tanzania na Kenya, ambako kuna wazazi wanaowakataza watoto Kiswahili nyumbani ili Kiingereza cha shule kikae sawa. Wataalamu wa lugha na matamshi ya watoto wanasema vingine. Kulelewa kwa lugha mbili au tatu hakumsababishii mtoto kuchelewa kusema. Mtoto anaweza kuchanganya maneno kwa muda, na hiyo ni hatua ya kawaida. Unapohesabu maneno anayoyajua, hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Lakini mtoto aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, usiilaumu lugha. Mpeleke kliniki, aanze kwa kupimwa masikio.

Na hakuna lugha iliyo damuni. Lugha inakaa mdomoni na sikioni, na ikikosa kazi, inaondoka.

Wazazi wa Saint-Lambert

Wazazi wa Kanada waliligundua hilo kwa upande wao. Miaka ya 1960, katika mji mdogo wa Saint-Lambert jirani na Montreal, wazazi wanaozungumza Kiingereza waliona watoto wao wanasoma Kifaransa miaka mingi na bado hawawezi kuongea na jirani. Walikusanyika, wakaisumbua bodi ya shule mpaka ikakubali kujaribu kitu ambacho wengi waliona ni hatari: watoto wa chekechea wafundishwe kwa Kifaransa kitupu. Darasa lilianza mwaka 1965.

Wallace Lambert, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, na wenzake waliwafuatilia watoto hao kwa miaka kadhaa. Walikuta kwamba wamejifunza Kifaransa vizuri kuliko wale wa masomo ya kawaida, na Kiingereza chao hakikurudi nyuma. Mtindo huo ulienea nchi nzima.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba lugha ya nyumbani haikuguswa. Watoto wa Saint-Lambert walirudi nyumbani wakakuta Kiingereza kinawasubiri mezani, kitandani na kwa bibi. Walijenga ghorofa ya pili juu ya nyumba iliyokuwa imesimama. Mzazi anayeivunja nyumba ya chini ili apate matofali ya ghorofa hatapata vyote viwili.

Hapo ndipo uhaba wa ofisa ajira wa Moncton unapokutana na swali la bibi wa Nyarugusu. Mfanyakazi wa lugha mbili hatengenezwi kwa tangazo la kazi. Alianza kutengenezwa miaka 20 kabla, na mtu aliyemsimulia hadithi kwa lugha moja na mwingine aliyemfundisha hesabu kwa nyingine. Msimamizi wa zamu alipomwomba mama huyu alete marafiki wenye lugha mbili, kwa ahadi ya bonasi, aliwataja wanawake watatu kutoka kanisani kwake. Wote walilelewa Afrika. Alipojaribu kumtaja mmoja kati ya watoto wao, hakumpata.

Kilichobadilika nyumbani

Baada ya Jumapili ile ya Januari, mama na baba walikaa chini. Hawakuandaa ratiba kubwa, kwa sababu walijijua. Walichukua mambo madogo.

Meza ya chakula ni ya Kiswahili. Anayekosa neno anauliza, hachekwi. Kumcheka mtoto anayejaribu ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kumnyamazisha.

Baba, ambaye hachoki kwa kuongea kazini, amechukua Kifaransa. Kabla ya kwenda zamu husoma ukurasa mmoja na watoto. Ukurasa mmoja tu, lakini kila siku.

Mama, akirudi, hujipa dakika 15 za kukaa kimya na kunywa maji bila kusemeshwa. Watoto wanajua. Baada ya hapo anaulizia habari za siku yao, na anauliza kwa maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Anasema dakika hizo zimemsaidia koo na zimewasaidia watoto, maana awali alikuwa nao saa mbili bila kuwa nao.

Wameanza pia kuwafundisha maneno ya mwili na ya maumivu: kichwa kinagonga, koo linawasha, tumbo linasokota, nasikia kichefuchefu. Kila mzazi anayelea ugenini anaweza kuanzia hapo, kwa sababu siku ya kuyahitaji maneno hayo haipigi hodi.

Mvulana mkubwa alilalamika. Aliuliza Kiswahili kitamsaidia nini Kanada. Mama hakumpa hotuba ya utamaduni. Alimwambia kwamba bibi yake ana lugha mbili tu, na hakuna kati ya hizo iliyo Kiingereza.

Haijawa rahisi. Ziko siku mama anarudi hoi na runinga inashinda. Mdogo wa miaka miwili anachanganya lugha tatu katika sentensi moja. Mkubwa bado anaona aibu.

Jumapili moja ya Machi, saa tatu asubuhi, bibi aliuliza swali lake la siku zote.

"Mjukuu wangu, umekula nini leo?"

Mvulana alishika simu. Alimtazama mama yake. Kazini, mama amefundishwa kwamba ukimya ukizidi sekunde chache lazima aujaze, mteja asije akadhani laini imekatika. Alilisikia jibu linamjia mdomoni, kwa lugha zote. Akainuka, akaenda dirishani kutazama theluji, akauacha ukimya ukae.

Ulikaa muda mrefu. Bibi naye, kule Nyarugusu, hakukata simu.

"Ugali," mvulana akasema hatimaye. "Ugali na... na samaki, Bibi."

"Samaki gani?" bibi akauliza.

Hilo hakulijua. Alifunika simu kwa kiganja, akamnong'oneza mama yake kwa Kiswahili: "Mama, samaki gani?"